Propela Iliyokwisha Kwenda Ziwani

Kabula mwanangu,

Begi lako liko mlangoni, umelifunga kamba ya katani kama vile ndani kuna mbuzi, kwa hiyo sina la kukuambia kuhusu mashuka, wala dawa za malaria, wala namna ya kuficha nauli. Hayo unayajua kunizidi. Wewe uko Usagara unamuaga bibi yako, na mimi nimekaa kwenye kigoda hapa nyuma ya nyumba, jua bado liko juu ya mabati ya jirani, nakuandikia huku namtazama mume wangu akipuliza moto wa kuyeyushia.

Mume wangu. Najua hapo umeshaanza kucheka. Umenicheka tangu siku ya kwanza, ukasema nalitamka neno hilo kama mtoto aliyenunuliwa viatu vipya. Ni kweli. Nimeolewa mvua hizi zilizopita tu, na mpaka leo nikisikia kengele ya baiskeli ya Masalu ikikata kona pale kwenye duka la nafaka, naiacha cherehani katikati ya mshono na kwenda kujitazama kwenye kioo. Sikutegemea, mwanangu. Nilidhani mambo hayo yalizikwa pamoja na baba yako. Unakumbuka Masalu alivyoanza kuja dukani kwangu Mabatini na aproni yake yenye tundu la moto? Nikaiwekea kiraka, akarudi na tundu jingine, na jingine tena, mpaka wewe ukaninong'oneza, "Mama, huyu mtu anaiunguza makusudi." Nilimuuliza baada ya ndoa. Alikiri bila aibu yoyote. Alikuwa anaigusisha makaa, kisha anapanda baiskeli kuja kwangu ikiwa bado inanuka moshi.

Nakuandikia haya kwa sababu naogopa. Naogopa unaondoka ukidhani nyumba imejaa watu wawili na wewe huna pa kukaa. Na jana mchana ukasema huondoki, chuo cha Dar es Salaam kingoje, mpaka propela ya mjomba itoke ziwani. Nilipokusikia nilifurahi, Kabula. Nilifurahi kwa kitambo kidogo kwamba utabaki, halafu nikaona aibu, maana nilikuwa nafurahia hofu yako. Basi acha niiandike habari ya propela hiyo toka mwanzo. Ulikuwepo, lakini kila mmoja wetu anaisimulia kwa namna yake, na ninataka uondoke ukiwa na namna yangu.

Aliyeianzisha ni kaka yangu Kulwa. Mtumbwi wake wa injini unabeba abiria na mizigo kwenda visiwani, na kwa kuwa huingia kwenye maji mafupi ili watu washuke bila kulowa, mchanga unazila propela zake. Kila mara alimletea Masalu propela iliyolika mabawa kama ukucha uliong'atwa, na Masalu akamyeyushia pistoni chakavu akampa nyingine. Siku moja akasema, "Shemeji, nimechoka na propela inayoliwa na mchanga. Nipe inayoula."

Wewe ndiye uliyesema inawezekana. Ulikuwa umetoka chuo cha ufundi, kichwa kimejaa na hakuna wa kummwagia. Ukatueleza kwamba alumini ni laini, lakini ikichanganywa na chembe ngumu sana, ile laini inazishika zile ngumu, na mchanga ukipita unazikuta ngumu zimetangulia. Mkaokota mawe ya grinda yaliyochakaa kwa mafundi wa kuchomelea. Mkayachoma mpaka gundi yake ikaisha, mkayatwanga kwenye kinu changu cha karanga, ambacho tangu siku hiyo karanga zake zinakwaruza meno. Niliwatazama mkibishana, wewe ukisema chembe hizi ni kubwa mno, yeye akisema zimetosha, nikajifanya nakunja nguo ili nisionekane ninavyolia kwa raha. Humwiti baba, unamwita fundi. Sijawahi kukuomba umwite vingine na sikuombi leo. Lakini siku hiyo mlishika ungo mmoja.

Mlipomimina unga ule kwenye chungu cha alumini iliyoyeyuka, ulisema jambo moja na ukalirudia. Kukoroga kusikome. Chembe ni nzito kuliko alumini, na hazipendani nayo sana. Ukiacha kukoroga zinazama, zinashikana mafungu. Masalu akaitikia, akakoroga kwa fimbo yake ya chuma, wewe ukageuka kushindilia mchanga wa kalibu ya kumiminia.

Na mimi nikaleta chai.

Unajua kwetu ilivyo. Mwanamke akimpelekea mumewe cha kunywa hukunja magoti kidogo, na mwanamume mwenye adabu hukipokea kwa mikono miwili. Masalu ana adabu kuliko wanaume wote niliowafahamu. Akailaza fimbo ukingoni, akakipokea kikombe kwa mikono yote miwili, akanywa akinitazama, akasema tangawizi imekolea. Nikamwambia nimeizidisha kwa ajili ya kifua chake. Akaniambia kitu ambacho sitakiandika kwa mtoto wangu. Tulisahau, Kabula. Tulisimama pale kama watu walio peke yao duniani, mpaka ukageuka na kusema, "Fundi, chungu." Hukupiga kelele. Laiti ungepiga kelele. Akairukia fimbo, akakoroga kwa nguvu zake zote, na mkamimina: propela kwanza, mabaki yake mkayatia kwenye kalibu ndogo za vijiti vya majaribio, unene wa kidole.

Baada ya siku chache ukaenda Misungwi kufuatilia vyeti vyako, na asubuhi hiyohiyo mjomba akapita. Akaikuta propela imeshapigwa tupa, inang'aa. Masalu alimwambia bado haijajaribiwa. Mjomba akajibu kwamba yeye ndiye wa kuijaribu, akaitia kwenye kiroba akaondoka. Masalu hakuweza kumnyang'anya shemeji yake mpya kitu mkononi, na mimi sikumsaidia, nilikuwa naona fahari tu kuona kaka yangu na mume wangu wakigongana mabega wakicheka.

Uliporudi ulikwenda moja kwa moja kwenye vijiti. Ulikibana kijiti kwenye jiliwa, ukakivisha bomba ili upate nguvu, ukavuta. Ulianza na kijiti cha alumini tupu. Kikapinda, kikapinda kama shingo ya bata, mgongoni kikafanya mikunjo myeupe, kikaanza kuchanika taratibu. Mtu angeweza kwenda kuteka maji na kurudi akakikuta bado kinaachana. Kisha ukakibana chenye chembe. Hicho kilikataa. Ulivuta, kikakaa vilevile kimenyooka, Masalu akaanza kutabasamu, nikaanza kupiga makofi, halafu tak. Vipande viwili. Hapakuwa na mkunjo wala onyo la namna yoyote. Sitausahau mlio ule, ulikuwa mdogo mno.

Ukanipa lenzi yako nitazame pale kilipovunjika. Uso wa kijivu, na ndani yake chembe zinametameta kama chumvi. Nyingine zimepasuka katikati, hasa zile kubwa. Nyingine zimeng'oka zikaacha kishimo. Na pembeni kidogo, fungu zima limekaa pamoja kama kuku waliojikunyata, katikati yao hakuna alumini hata kidogo, ni upenyo mweusi tu. Ukaniambia mvunjiko ulianzia hapo. Chembe haikubali kunyumbuka, alumini iliyoizunguka inanyumbuka. Inafika mahali haziwezi tena kwenda pamoja, zinaachana, na pale zilipoachana kunafunguka kijitundu. Peke yake hakina madhara. Lakini kijitundu hiki kinakikuta kile cha jirani, na chembe zikiwa zimesongamana havihitaji kusafiri mbali ili vikutane. Kutoka nje huoni kitu mpaka mwisho wenyewe.

Mimi ni wa kidato cha nne na cherehani. Nilikuuliza, "Si ndiyo kile kiraka cha turubai?" Ukanikumbatia ukasema ndicho. Kiraka cha kwanza cha aproni ya Masalu nilikata turubai gumu, nikaona nimefanya kazi ya maana. Kitambaa kilichochoka kinavutika, turubai halivutiki, nyuzi za ukingoni zikalegea moja moja bila mtu kuziona, na siku alipoinama kuokota pistoni ilichanika yote kandokando ya kiraka. Kiraka chenyewe kilikuwa kizima kabisa. Tulicheka sana, mimi na wewe, lenzi mkononi. Halafu kicheko kikakatika, maana tulikumbuka kijiti kile na propela ya mjomba vimetoka kwenye chungu kimoja, na propela ilikuwa inazunguka ziwani na watu juu yake.

Simu ya mjomba haikupatikana. Siku zile sikuweza kushona mstari ulionyooka. Alipotia nanga hatimaye tulikuwa mwaloni sote watatu, wanawake wa dagaa wakitupisha wakidhani tumefiwa. Ukamwamkia, ukamwomba aivue ile propela.

"Marahaba, injinia," akasema. "Niivue nivae nini?"

Watu wakacheka. Akainua injini, akaigonga propela kwa spana, ikalia vizuri kabisa. Akasema kitu kilichopasuka hakilii hivyo.

"Ufa wa ndani hauonekani, mjomba."

"Wewe umeuona?"

"Sijauona. Ndiyo maana naogopa."

Hapo hakucheka. Alipitisha dole gumba kwenye ukingo wa bawa. Kisha akasema yeye anapakia watu kwenye mbao alizozigongelea mwenyewe, juu ya ziwa ambalo hajawahi kuliona ndani yake, na propela hii imekula mchanga tangu aifunge bila kupungua hata unene wa karatasi. Tukimtengenezea nyingine kama hiyo atashukuru. Masalu alimwomba akimshika mkono, akamweleza habari ya chai mbele ya watu wote, kila kitu, na wanawake wa dagaa wakapiga vigelegele. Mjomba akasema basi ndiyo sababu inakwenda vizuri, imetiwa mapenzi. Tungefanya nini? Huwezi kumfungulia mtu mzima injini yake kwa nguvu. Na la kutisha zaidi ni kwamba huenda yeye ndiye yuko sahihi. Huenda fungu la chembe liliishia kwenye vijiti na propela ikapata safi. Huenda itazunguka mpaka wajukuu. Hakuna hata mmoja wetu anayejua, wewe mwenye lenzi, Masalu mwenye chungu, wala yeye mwenye ziwa.

Uliondoka pale ukiwa umekaza taya, na hapo ndipo nilipoogopa kwa ajili yako kuliko kwa ajili ya kaka yangu. Taya hiyo naijua. Ni yangu.

Baba yako alipofariki ulikuwa bado unasoma shule ya msingi. Watu walisema nina moyo wa chuma na mimi nikaipenda sifa hiyo. Sikulia makaburini. Wewe ulipolia nikakuambia nyamaza, mbele ya watu, na ukanyamaza, na nikaona nimekulea vizuri. Mjomba wako alitaka kutuchukua tukae kwake nikakataa. Jirani akileta mboga namrudishia bakuli likiwa na mboga nyingi zaidi, ili asidhani tunahitaji. Kila kilichokuja nilikipokea kwa macho makavu, nikakiweka juu ya kingine. Halafu siku moja mteja akaja dukani akasema kifungo cha blauzi hakikukaa mstari mmoja na vingine. Aliongea kwa upole kabisa. Mimi nikakaa chini sakafuni katikati ya vitambaa, nikalia mpaka wakaja kunifungia duka. Ulipelekwa Usagara kwa bibi, ukakaa huko muhula mzima, na mpaka leo hujaniuliza kwa nini. Ulidhani nilichoka na wewe, bibi aliniambia. Hapana, mwanangu. Ni mimi niliyevunjika, na sikuwa nimempa mtu yeyote hata mkunjo mmoja wa kumwonyesha kwamba nimefika mwisho. Wewe uliyelala chumba kimoja nami hukuona. Ungewezaje kuona?

Sasa niko na mtu ambaye ananiona nimepinda. Hilo ndilo penzi lenyewe, kama unataka kujua mama yako alichokipata uzeeni. Nikirudi na siku mbaya simwelezi, anaitambua kwa namna ninavyovua viatu, anasogeza kiti. Napinda, nanyooka tena kidogo, kesho yake naendelea. Ningependa nikufungie mtu wa namna hiyo kwenye begi lako. Haiwezekani. Huko uendako sitakuona unavua viatu. Utanipigia simu useme, "Niko salama mama," na sauti italia vizuri kama ile propela chini ya spana, na mimi nitasema haya, namshukuru Mungu, na sitajua kitu.

Sikuambii uwe laini. Nilishakuwa na mpango wa kukuambia hivyo, nikafuta, kwa sababu najua uendako kuna mchanga mwingi, msichana mmoja kati ya wavulana wa uhandisi, na ugumu wako ndio uliokufikisha. Nakuomba tu usiuache ukae fungu moja. Ukiwa na hofu ya mtihani na hofu ya mjomba na upweke na njaa, usivibebe sehemu moja bila kitu katikati. Weka mtu katikati. Nipigie hata kama huna la kusema. Ukae kwenye simu ukitafuna mihogo, nisikie tu unatafuna. Na kama huyo mtu si mimi, sawa, nitaumia siku moja halafu nitapona.

Na uende. Mjomba ameshakataa, na kubaki kwako hakutaongeza hata kijiti kimoja cha usalama kwenye mtumbwi ule. Alichokubali ni kile ulichomwomba jana jioni, baada ya sisi wazazi kushindwa: abebe makasia, na propela ya akiba chini ya kiti chake, ya alumini tupu, laini, itakayoliwa na mchanga lakini itamrudisha nyumbani. Ulimwambia, "Mjomba, sikulazimishi uivue. Naomba tu uwe na nyingine." Nilikuwa mlangoni nikasikia. Akasema hiyo anaweza. Maneno hayo nimeyachukua yawe yangu juu yako. Hapa nyumbani kuna chumba chako, Masalu ametoa vyuma vyake vyote ndani yake leo mchana bila kuambiwa, amefagia. Sikulazimishi urudi.

Vipande vya kijiti kilichovunjika nimevifunga kwenye kitambaa, mfuko wa pembeni wa begi, ukavitazame kwenye hadubini kubwa ya huko kama ulivyosema. Ukiona kitu utuambie, hata kama ni kibaya. Kesho alfajiri mjomba atapita kuchukua akiba yake kabla ya kwenda visiwani, na wewe utakuwa unaelekea stendi. Watu wangu wawili wataondoka asubuhi moja, kila mmoja na kitu ndani yake ambacho siwezi kukiona. Nimejaribu kuomba, na maombi yenyewe yanakuja mafupi.

Masalu anaiyeyusha sasa hivi, hiyo ya akiba. Chai yake iko tayari, kikombe kiko kwenye mkono wangu wa kushoto huku naandika kwa wa kulia. Ameniona. Anasema leo ni alumini tupu, hakuna cha kuzama, nilete tu inapoa. Nimemwambia amalize kwanza. Anacheka, ananibembeleza, anasema atapokea kwa mkono mmoja, nisimshtaki tu kwa mtu.

Sisogei, Kabula. Nimekaa hapa kwenye kigoda namngoja amimine, na chai imeshapoa.

Mama yako